Sanamu za Wagiriki zirudi Athens, nasi tuandae orodha yetu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu sanamu za Parthenon, ambazo nyingi ziko British Museum, makumbusho makubwa ya London, na Wagiriki wanadai zirudi Athens. Kila habari yake inapotangazwa, hapa Dodoma wapo wanaouliza ugomvi wa Wazungu kwa Wazungu unatuhusu nini. Sisi tunaofanya kazi ya malikale tunasema unatuhusu sana, kwa sababu hoja zinazotolewa London kuwakatalia Wagiriki ndizo tutakazojibiwa sisi siku tutakapobisha hodi.

Parthenon ni hekalu la Athena lililojengwa juu ya kilima cha Acropolis, Athens, kati ya 447 na 432 KK, kwa marumaru ya mlima Pentelikon. Kulizunguka jengo la ndani, juu ya kuta, ulipita ukanda wa michongo wenye urefu wa mita 160 na kimo cha mita moja hivi. Nje, juu ya nguzo, vilikaa vibao 92 vyenye picha za mapigano, na katika pembetatu mbili za paa zilisimama sanamu kubwa. Vibao vile havikutundikwa kama picha. Vilichomekwa katika mifereji ya mawe ya pembeni, kisha juu yake likalazwa jiwe la ukingo wa paa. Huwezi kukitoa kibao bila kwanza kuliondoa jiwe la juu.

Ndiyo kazi waliyoifanya vibarua wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza katika dola ya Uthmaniya, kuanzia 1801. Mawe ya ukingo yaliangushwa yakavunjika. Mawe mazito ya ukanda yalikatwa mgongo kwa msumeno ili uso wenye michongo ubaki mwepesi wa kusafirishwa, maana mita moja ya ujazo ya marumaru ina uzito wa tani 2.7 hivi. Meli moja iliyobeba shehena hiyo, Mentor, ilizama karibu na kisiwa cha Kythera mwaka 1802, na ikabidi wapiga mbizi wayaopoe makasha kutoka chini ya bahari. Ni kweli hekalu lilikuwa limekwisha kuumia: tarehe 26 Septemba 1687 bomu la jeshi la Venice lilitua kwenye baruti ambayo Waturuki waliihifadhi ndani, likapasua katikati ya jengo. Lakini vibao vya upande wa kusini ambavyo Elgin aliving'oa vilikuwa vimesalimika na vilikuwa bado mahali pake.

Hati ya ruhusa ya Waturuki aliyoitegemea Elgin ipo kwa tafsiri ya Kiitaliano tu; ya Kituruki yenyewe haijaonekana. Tafsiri hiyo inaruhusu kupima, kuchora, kutengeneza nakala za plasta, na kuchukua vipande kadhaa vya mawe. Kutoka "vipande kadhaa" hadi kupasua ukanda wa jengo kwa msumeno ni mbali mno, na kwa maoni yetu hoja ya London, kwamba Elgin aliruhusiwa, inaangukia hapo. Bunge la Uingereza lilimlipa Elgin pauni 35,000 mwaka 1816, yeye akilalamika kwamba gharama zake zilizidi 74,000. Leo British Museum ina mita 75 hivi za ukanda, vibao 15 na sanamu 17 za pembetatu.

Kinachotugusa zaidi ni namna vitu vilivyogawanywa. Kifua cha mungu Poseidon, kutoka pembetatu ya magharibi, upande wake wa mbele uko Athens na mabega na mgongo viko London. Hapo hakuna haja ya falsafa: kiwiliwili ni kimoja, mpasuko unaonekana, kingo zinakubaliana. Katika madai ya namna hii hakuna ushahidi unaoushinda ule wa vipande viwili vinavyoungana.

Kwa nini basi havirudi? Wengi hudhani ni kiburi tu. Kipo, lakini kufuli lenyewe ni Sheria ya British Museum ya mwaka 1963. Sheria hiyo inaizuia bodi ya wadhamini kutoa kitu chochote cha mkusanyiko isipokuwa katika mazingira machache sana, kwa mfano kitu kikiwa na nakala nyingine sawa nacho, au kikiwa kimeharibika kiasi cha kutofaa. Mwaka 2005 mahakama ya Uingereza iliulizwa iwapo wadhamini wanaweza kurudisha michoro iliyoporwa na Wanazi kwa sababu za kimaadili. Ikajibu hapana, maadili hayaizidi sheria. Ndipo mwaka 2009 Bunge lao likapitisha sheria fupi ya kufungua mlango kwa mali zilizoporwa enzi za Wanazi. Maana yake Bunge likitaka, linaweza. Serikali inayosema "hili ni la wadhamini", na wadhamini wanaosema "hili ni la sheria", wanarushiana mpira huku ufunguo ukiwa mikononi mwa wabunge.

Sheria hiyo inaruhusu kukopesha. Desemba 2014 sanamu ya mungu wa mto Ilissos ilikopeshwa kwa makumbusho ya Hermitage nchini Urusi, kwa hiyo ile hoja kwamba mawe hayo ni dhaifu mno kusafiri haina nguvu tena. Ghana nayo mwaka 2024 ilipokea kwa mkopo dhahabu za Asante, zikaonyeshwa Kumasi. Lakini Wagiriki wanakataa mkopo kwa sababu nzito: anayekopa kwa kawaida hutia saini kwamba kitu ni cha mkopeshaji. Ukishatia saini hiyo, dai lako la umiliki umelidhoofisha mwenyewe. Tunaomba wanasheria wa serikali yetu walikumbuke hili siku taasisi yoyote ya Ulaya itakapotuletea mkataba wa mkopo wa miaka mitatu wenye maneno matamu.

Wapo wanaosema Wagiriki wasingeweza kuvitunza. Kwa hili pande zote mbili zina deni. London, mwaka 1937 na 1938, mafundi walisugua sanamu kwa patasi za shaba na unga wa kukwangulia ili ziwe nyeupe, wakaondoa utando wa asili wa rangi ya asali ambao hauwezi kurudishwa. Athens, mhandisi Balanos alipolitengeneza hekalu mwanzoni mwa karne ya 20, aliunganisha mawe kwa vibano vya chuma bila kuvifunika vizuri kwa risasi. Wajenzi wa kale walijua: chuma kikiingiwa na maji hushika kutu, kutu huvimba, jiwe hupasuka kutoka ndani, ndiyo maana wao walikimiminia risasi pande zote. Mafundi wa sasa wamekuwa wakiving'oa vibano vya Balanos kimoja kimoja na kuweka vya titani, ambayo haishiki kutu. Kisha moshi wa magari na viwanda, ukichanganyika na unyevu, hugeuza uso wa marumaru kuwa jasi inayosombwa na mvua. Kwa sababu hiyo hakuna anayetaka kuzirudisha sanamu juu ya hekalu. Zitaingia katika Makumbusho ya Acropolis, yaliyofunguliwa Juni 2009, ambayo ghorofa yake ya juu imeelekezwa sambamba na hekalu linaloonekana kupitia vioo, na ukanda umepangwa kwa mfuatano wake. Panapokosekana kipande, pamewekwa nakala ya plasta. Nafasi iko tayari.

Vipande vidogo vimeanza kurudi. Chuo Kikuu cha Heidelberg kilirudisha kimoja mwaka 2006. Makumbusho ya Palermo ilipeleka kipande cha mguu wa mungu wa kike mwanzoni mwa 2022, kwanza kwa mkopo, na mwaka huo huo kikawa cha Athens moja kwa moja. Vatican ilirudisha vitatu mwaka 2023. Makumbusho hizo hazikubaki tupu.

Sasa tuje nyumbani. Tanzania imepita njia hii zaidi ya mara moja. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kilikutwa katika makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller, Geneva, na kilirudi mwaka 2010 baada ya shauri kufikishwa kwenye kamati ya UNESCO, ile ile ambayo Wagiriki wanaitumia tangu miaka ya 1980. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilirudi Kalenga Juni 1954. Na liliporudi, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikuwa amelichagua kati ya mafuvu mengi ya makumbusho ya Bremen kwa kupima vichwa na kutafuta tundu la risasi, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuaminika iliyoambatana nalo. Familia ya Mkwawa ilistahili uhakika mkubwa zaidi ya huo.

Kwa hiyo ombi letu kwa Wizara ya Maliasili na Utalii, iliyopo hapa hapa Mtumba, ni moja: orodha ya taifa ya vitu vilivyoko nje, ianzishwe na ichapishwe. Anayedai bila orodha hujibiwa kwa barua ya heshima, kisha kimya.

Kwa Kanda ya Kati kazi inaweza kuanza bila hata tiketi ya ndege, kwa sababu makumbusho nyingi za Ujerumani zimeweka sehemu ya rejesta zao kwenye intaneti. Tatizo ni tahajia. Ukiandika "Mpwapwa" unaweza usipate kitu, andika "Mpapua". Jaribu "Ussandaui" kwa Usandawe, "Kondoa-Irangi" kwa Kondoa, "Turu" kwa Wanyaturu, na majina ya vituo vya kijeshi kama Kilimatinde. Tafuta pia kwa jina la ofisa aliyekusanya, kwa kuwa mara nyingi safu ya mahali imeandikwa "Deutsch-Ostafrika" (Afrika Mashariki ya Kijerumani) basi. Ukikipata kitu, nakili namba ya rejesta, namba ya zamani kama ipo, mwaka kilipopokewa, na njia kilivyopatikana: kimenunuliwa, kimetolewa, au kimetwaliwa vitani. Linganisha mwaka huo na vita vilivyopiganwa mahali hapo. Ngao iliyopokewa muda mfupi baada ya msafara wa kuadhibu kijiji haihitaji maelezo mengi.

Kisha karatasi irudi kijijini. Maofisa utamaduni wa wilaya wachukue picha kwa wazee wa koo, waulize kitu kinaitwaje, nani alikishika, kilitumika wapi. Majibu yarekodiwe kwa sauti, kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe, kabla ya kufasiriwa.

Vilivyomo nchini navyo viandikwe kwa mpango unaotambulika kimataifa, ambao huuliza aina ya kitu, malighafi na ufundi, vipimo, maandishi au alama, dosari za kukitambulisha, jina, kinachoonyeshwa, umri na mtengenezaji, pamoja na picha yenye kipimo pembeni. Kwenye dosari ndipo watu huzembea. Ufa, kiraka, pembe iliyovunjika, ndivyo vinavyotofautisha kigoda kimoja na vingine mia. Kinyago cha 1984 kinatuonya: cha kwetu pia huibwa. Michoro ya miambani ya Kondoa, Urithi wa Dunia tangu 2006, haibebeki melini, lakini watafuta "mali ya Wajerumani" wanachimba chini ya miamba na kuvuruga tabaka za udongo zenye historia yenyewe. Tukidai kwa nje huku tunaacha hayo yaendelee, tutaulizwa.

Mabaki ya binadamu yatangulie, maana huko sheria ni nyepesi. Sheria ya Uingereza ya tishu za binadamu ya 2004, kifungu cha 47, inaruhusu British Museum na makumbusho nyingine zilizotajwa kutoa mabaki ya watu wanaodhaniwa kufariki ndani ya miaka 1000 iliyopita, na mwaka 2006 kifungu hicho kiliwawezesha wenyeji wa Tasmania kupata majivu ya wazee wao. Ujerumani, mwaka 2023, vipimo vya vinasaba vya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin vililingana na vya ndugu walio hai wa Kilimanjaro. Kipimo cha namna hiyo kinahitaji familia zijulikane mapema, zikubali kutoa sampuli, na kuwe na ofisi moja ya kupokea majibu na kuzieleza. Kwa Dodoma, Singida na Kondoa majina ya familia hizo bado hayajakusanywa, na wazee wanaozikumbuka wanapungua kila mwaka. Bajeti ya kazi hiyo ni mafuta ya gari, kinasa sauti na posho za maofisa utamaduni. Tunaomba iwekwe katika mwaka wa fedha ujao.

Wahifadhi wa malikale,
Dodoma