Barua kwa Mwanangu: Dira Iliyo Jichoni mwa Ndege

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Assalamu alaikum. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba sote hapa Mombasa hatujambo, mamako anakusalimu sana, na kaskazi imeanza kuvuma. Nakuandikia kwa sababu nina deni kwako. Tulipokuwa tukiwatazama sululu wakidonoa tope kule Tudor, maji yakiwa yamekupwa, uliniuliza ndege huyo hujuaje njia ya kutoka nchi za baridi mpaka pwani yetu, nami nikakujibu upesi kwamba hufuata jua na nyota. Sikukudanganya, kwa maana ndege huvitumia vyote viwili, lakini sikukueleza wanavyoishika njia usiku wa mawingu mazito. Tangu uondoke nimekuwa nikisoma, na leo nataka kulilipa deni hilo.

Nianze na chombo ninachokijua. Wakati wa ubaharia wangu, kabla hujazaliwa, tuliitazama dira kwa jambo moja tu, kaskazini iko wapi, na hatukujali kwamba sindano yake haipendi kulala sawasawa. Mistari ya nguvu ya sumaku ya dunia hutoka ardhini upande wa kusini, hulala sambamba na ardhi inapofika ikweta ya sumaku, kisha huinama na kuingia ardhini upande wa kaskazini. Ikweta hiyo si ile ya ramani. Upande wetu wa Afrika hupita Ethiopia, si mbali na Addis Ababa, kwa hiyo sisi wa Mombasa tuko kusini yake. Ndiyo sababu dira iliyosawazishwa kwa bahari za Ulaya, ikifika hapa, huinamisha ncha yake ya kusini. Juzi nilichukua sindano ya kushonea, nikaifunga uzi katikati mpaka ikaning'inia sawa, kisha nikaisugua kwa sumaku na kuitundika tena. Ikajizungusha taratibu, ikatulia huku ncha moja imeinama kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. (Mamako bado hajui kwa nini sindano yake inanasa pini.)

Mwinamo huo ndio anaousoma ndege. Wolfgang Wiltschko, mtaalamu wa Frankfurt nchini Ujerumani, aliwaweka robini wa Ulaya, ndege wadogo wenye kifua cha rangi ya chungwa, ndani ya vizimba wakati wa msimu wa kuhama, wakati ambao ndege hao usiku hawatulii bali hurukaruka kuelekea kule wanakotaka kwenda. Akawazungushia nyaya za umeme ili aweze kuugeuza apendavyo uga wa sumaku, yaani ile mistari ya nguvu iliyowazunguka. Mwaka 1972 yeye na mkewe, Roswitha, walitangaza jambo ambalo baharia yeyote angelishangaa: uga mzima ulipopinduliwa, kaskazini ikawa kusini na mwinamo nao ukapinduliwa, ndege hawakuona tofauti yoyote; lakini mwinamo ulipogeuzwa peke yake, waligeuka na kuelekea upande wa pili. Maana yake ni kwamba robini hajui kaskazini wala kusini. Anajua upande wa kuelekea ncha ya dunia na upande wa kuelekea ikweta, basi.

Hapo nilisita, kwani ndege anayekuja kwetu lazima aivuke ile ikweta ya sumaku, mahali ambapo mistari imelala na haimwambii upande wowote. Kumbe hilo pia limejaribiwa: ndege wengine wadogo wa Ulaya, ambao huvuka Sahara, waliwekwa kwa muda katika uga uliolala kama wa ikweta, na walipotolewa waliacha kufuata upande wa ikweta wakaanza kufuata upande wa ncha ya dunia. Kwa ndege aliyekwisha kuvuka, upande huo ndio kusini, yaani safari inaendelea.

Sasa tuje kwenye jicho. Dalili ya kwanza ilikuwa mwanga. Katika mwanga wa buluu au wa kijani ndege hao waliishika njia, lakini katika mwanga mwekundu walitangatanga. Sindano ya chuma haijali rangi ya taa, kwa hiyo dira hii haikuwa ya chuma. Mwanafizikia Klaus Schulten alikuwa ametoa wazo mwaka 1978 kwamba huenda ni kemia, na mwaka 2000 yeye na wenzake wakaitaja protini iliyo katika retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, iitwayo kriptokromi. Mwanga wa buluu ukiipiga protini hiyo, elektroni moja, chembe ndogo mno yenye umeme, huhama mahali pake, na elektroni mbili zilizotenganishwa hivyo, kila moja ikiwa na kisumaku chake, hubadilika haraka mno kati ya kuelekea upande mmoja na kupingana. Uga wa dunia ni dhaifu, kati ya mikrotesla 25 na 65 (kipimo cha nguvu ya sumaku), nguvu ndogo mno hata ukiilinganisha na ya kisumaku cha kubandika kwenye friji. Hata hivyo unatosha kuusogeza kidogo uwiano wa hali hizo mbili, kutegemea jinsi molekuli ilivyolala kuielekea mistari ile. Uwiano ukibadilika, mazao ya kemia hubadilika, na jicho hupata habari.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitokana na usumbufu. Katika chuo kikuu cha Oldenburg, huko huko Ujerumani, robini waliowekwa katika vibanda vya mbao walishindwa kabisa kuelekea popote, mpaka mtafiti wa huko, Henrik Mouritsen, na wenzake walipovifunika vibanda kwa bati za aluminiamu zilizounganishwa na ardhi kwa waya. Hapo ndege wakaipata njia. Waya ulipokatwa, wakapotea tena. Kilichowavuruga, kama walivyoeleza mwaka 2014, ni kelele za mawimbi ya redio na za vyombo vya umeme. Nakumbuka nahodha wetu alivyonikaripia nilipoweka redio karibu na dira, naye alikuwa na haki, ila kosa lilikuwa la sumaku iliyo ndani ya spika. Mawimbi yenyewe hayawezi kuitikisa sindano hata unywele mmoja, na bado yalitosha kumpofusha robini.

Mwaka 2021 watafiti wa Oldenburg na Oxford walionyesha kwamba kriptokromi ya robini, ikiwa imetengwa maabara, huitikia sumaku zaidi kuliko ile ya kuku au ya njiwa. Ndani ya jicho la ndege aliye hai jambo hilo bado halijaonekana, na majaribio yote haya ni ya ndege wadogo warukao usiku, si ya sululu wetu. Usije ukasema babako amekuhakikishia. Hata hivyo, sehemu ya ubongo ambayo huharibu dira ya robini ikijeruhiwa ni ile inayoshughulikia mambo ya macho usiku, na wataalamu wengi hudhani kwamba ndege huuona uga kama kivuli au weupe uliotandazwa juu ya anga na ardhi, ambao hubadilika kila anapogeuza kichwa.

Sindano nimeiacha ikining'inia dirishani. Ukija likizo utaikuta, isipokuwa mamako akihitaji kushona.

Wasalaam,
Babako