Usiitie ndimu sarafu ya Babu Hamadi

Columbus, Ohio

Ndugu yangu Salim,

Assalamu alaykum. Natumai wewe, Mama na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima, ila baridi haina adabu. Niwie radhi kwa kimya cha miezi mingi. Ujumbe wako wa jana, kwamba unakusudia kuisugua sarafu ya Babu Hamadi kwa majivu na ndimu kabla ya kuipeleka kwa sonara, umeninyima usingizi, nami nakusihi usiiguse.

Hiyo ni dola ya fedha ambayo wakusanyaji wa Marekani huiita Morgan, kwa jina la George T. Morgan aliyeichora. Ilipigwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Uzito wake ni gramu 26.73, na sehemu tisa katika kumi ni fedha halisi, kwa hiyo sonara atakayetaka kuiyeyusha atakulipa bei ya gramu 24 hivi za fedha. Mzani wake utakuwa wa haki, lakini mzani hausomi mwaka.

Picha uliyonitumia inaonyesha kichwa cha mwanamke, kidole gumba chako, na mwaka ambao mimi nausoma 1893. Upande wa pili, wenye tai, hukuupiga picha, na huko ndiko iliko habari yote. Tazama chini ya fundo la shada la majani, juu kidogo ya neno DOLLAR, kama pana herufi. Pakiwa patupu, ilipigwa Philadelphia. O ni New Orleans, CC ni Carson City, na S ni San Francisco, ambako mwaka huo zilipigwa 100,000 tu. Mwaka 1921 Philadelphia peke yake ilitoa zaidi ya milioni 44, ndiyo maana za mwaka huo haziipiti sana bei ya fedha iliyomo, ilhali ya 1893 yenye S, hata ikiwa imechakaa, huuzwa kwa maelfu ya dola.

Usianze kuhesabu mabati ya nyumba ya Pongwe, kwa sababu hiyo S ndiyo inayoghushiwa mno: wapo wanaoibandika kwenye sarafu ya Philadelphia, na wapo wanaoichonga 8 ya mwisho katika 1898 iwe 3. Iliyo halali ina mstari mdogo ulioinuka kwenye kichwa cha T katika neno LIBERTY. Utafute kwa kioo cha kukuzia.

Narudi kwenye ndimu. Weusi unaoudhani uchafu ni utandu wa miaka, na majivu yatauondoa pamoja na ngozi ya sarafu yenyewe. Wakusanyaji huipima hali ya sarafu kwa daraja la 1 hadi 70, na iliyosuguliwa hunyimwa daraja. Mimi niliwahi kuing'arisha ya 1881 nikijiona hodari. Mnunuzi aliigeuza mara moja tu, akanirudishia bila neno.

Je, umekwisha kuisugua? Kama ndiyo, ni upande mmoja au pande zote mbili? Herufi ipo? Sumaku inaivuta? Na Mzee Kassim bado anadai kwamba Babu alimwachia yeye? Kama anadai, iko mikononi mwa nani usiku huu?

Nduguyo,
Idrisa