Mtetea akiugua: uangalizi wa nyumbani kabla ya kununua dawa

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu kwa ajili ya kuku mgonjwa huanza kwa kutaja jina la dawa waliyoambiwa na jirani, nasi huwajibu kwa maswali: je, kuku anakunywa maji, kinyesi chake kina rangi gani, ana umri gani, na wenzake bandani wana hali gani? Hatuulizi hayo ili kumchelewesha mtu. Kuku wa kienyeji huficha maradhi hadi nguvu zinapomwishia, kwa hiyo ukimkuta amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama na macho yanasinzia, mara nyingi ugonjwa umeshamkaa mwilini kwa muda. Hapo anachohitaji kwanza ni uangalizi, na uangalizi huo unawezekana nyumbani kwako bila gharama kubwa.

Mtenge mara moja. Tenga la kubebea kuku, boksi la katoni lililotobolewa matundu au kizimba kidogo kilichotandikwa maranda makavu kinatosha, mradi kiwe mbali na banda na kiwe na chombo chake cha maji ambacho hakirudi kwa kuku wengine. Anza kila siku kwa kuwahudumia wazima, kisha ndipo umwendee mgonjwa, na unapomaliza nawa mikono kwa sabuni na uoshe viatu, kwa sababu maradhi mengi ya kuku husafiri kwa nyayo za mwenye kuku mwenyewe. Joto la kawaida la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41 za sentigredi, na kuku asiyekula hushindwa kulihimili usiku wa baridi. Jaza maji ya moto kwenye chupa, izungushie kitambaa na umwekee ubavuni, huku ukimwachia nafasi ya kusogea akiona joto limezidi. Tunawasihi wateja wetu wasiweke jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake inaua ndege na watu pia.

Maji ndiyo yanayookoa kuku wengi, hasa wanaohara. Katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, na utengeneze mapya kila siku. Akikataa kunywa mwenyewe, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lakini usimwinue kichwa na kummiminia kooni. Ukimfungua mdomo utaona nyuma tu ya ulimi kitundu kinachofunguka na kufumba: hiyo ndiyo njia ya pumzi, na maji yakiingia humo huteremka hadi kwenye mapafu. Dondosha tone mojamoja pembeni mwa mdomo, subiri ameze, kisha uongeze. Kazi hii inataka subira, na hatujui njia ya mkato iliyo salama.

Chakula kiwe laini na kidogo: pumba iliyolowanishwa, yai la kuchemsha lililopondwa, majani ya mchicha yaliyokatwakatwa. Kabla ya kumlisha alfajiri, lipapase gole lake, yaani kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Kwa kawaida gole huwa tupu baada ya usiku mzima. Likiwa bado limejaa na gumu, au limelegea na mdomo unatoa harufu ya uchachu, chakula hakishuki, na kumlazimisha kula kutamwongezea mateso.

Kinyesi nacho kina mengi ya kueleza. Cha kuku mzima huwa cha kahawia au kijivu chenye ncha nyeupe, na huo weupe ni mkojo, wala si ugonjwa kama wengi wanavyodhani. Damu kwenye kinyesi cha vifaranga na kuku wadogo mara nyingi ni dalili ya kuhara damu, maradhi yanayostawi kwenye matandiko yenye unyevu, na hayo yana dawa: amproliamu inayochanganywa katika maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, sambamba na kubadilisha matandiko. Kinyesi cha kijani peke yake kinaweza kuwa dalili ya njaa tu. Kikiambatana na kuhema kwa shida, mabawa kulegea, miguu kupooza au shingo kupinda, shuku kideri.

Kuhusu kideri tunapenda kusema waziwazi, hata kama kusema hivyo kunatupunguzia mauzo. Ugonjwa huu unaletwa na virusi, hauna tiba, na antibayotiki tunazouza haziugusi. Wapo wanaoweka shubiri au pilipili kwenye maji, na tunaelewa uchungu wa mtu anayeona kuku wake wakiisha, lakini kinga ya kutegemea ni chanjo inayotolewa kabla ugonjwa haujaingia. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa Tanzania, hutolewa kwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kwa kuwa chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, dukani tunaandikisha majirani ili wachange na wachanje siku moja. Chupa ikishatoka kwenye jokofu, izungushie kitambaa kibichi na uiweke kivulini.

Mtetea anayekaa kiotani akijikamua bila kutaga, huku akisimama wima na kutembea kwa shida, huenda yai limemkwama. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 15 hadi 20, mkaushe vizuri, kisha umweke mahali penye joto na giza. Usilivunje yai ndani yake. Asipotaga siku hiyo, mwite mtaalamu wa mifugo.

Ukimpa dawa yoyote, soma kwenye lebo ni siku ngapi unapaswa kusubiri kabla ya kula mayai au nyama yake, na uzihesabu kuanzia dozi ya mwisho.

Unapokuja kwetu, njoo na picha ya kuku na ya kinyesi chake, na utueleze chanjo ya mwisho ilitolewa lini. Lakini wakifa kadhaa kwa ghafla, usituletee mizoga wala usiwauze waliobaki: toa taarifa kwa ofisa mifugo wa kata, na akishakuruhusu, ichome mizoga hiyo au uifukie katika shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua.