Kiraka cha lami kinafumuka kwa sababu shimo halikuandaliwa

Mhariri,

Masika yakiisha, mashimo ya Changamwe, Jomvu na Likoni hujazwa haraka haraka. Vuli ikifika, yale yale yamefumuka, na lawama zote huiangukia lami. Mara nyingi lami haina kosa. Kosa ni la shimo, na hapo ndipo tunaposihi chama chetu cha wakandarasi wa barabara hapa Pwani kielekeze mafunzo yake.

Shimo hukatwa kwanza, ndipo lijazwe. Kingo zisimame wima, zifike hadi kwenye lami nzima, kwani ukingo wa mteremko huacha tabaka jembamba pembeni, nalo ndilo la kwanza kumeguka. Matope na maji yaondolewe mpaka chini pakauke. Msingi uliolowa hubonyea kila tairi linapopita, na lami ya juu hupasuka hata ikiwa bora namna gani. Kisha emulsheni, yaani lami nyepesi iliyochanganywa na maji ili kugandisha kiraka, ipakwe chini na kwenye kingo zote, kama nusu lita kwa mita ya mraba. Hapa ndipo pupa huharibu kazi: emulsheni ikiwa bado ya kahawia, maji hayajaitoka. Ingojwe mpaka igeuke nyeusi.

Mita moja ya mraba yenye kina cha milimita 50 inakula takriban kilo 120 za lami. Imwagwe ifike kama milimita 62, kwa kuwa rola itaishusha. Shimo la milimita 100 lijazwe kwa matabaka mawili, kila moja lishindiliwe peke yake. Kuikanyagisha kwa tairi za lori lililoileta si kushindilia. Nafasi za hewa zikizidi asilimia 8 hivi, maji hupenya na kokoto huanza kubanduka moja moja.

Joto nalo halisubiri mtu. Lami ya moto hutoka mtamboni ikiwa na nyuzi kama 150 hadi 165, na rola inapaswa kumaliza kabla haijashuka chini ya 90. Lori lisilo na turubai likikwama kwenye foleni ya Makupa, lami hufanya ukoko juu, na vile vibonge havishikani tena. Tuache pia kupaka dizeli kwenye mabeleshi na bodi la lori. Dizeli huyeyusha lami yenyewe. Maji ya sabuni yanatosha.

Mji wa bandari hausamehi kiraka kilicholegea. Uzito wa mhimili (ekseli ya lori) ukiongezeka maradufu, uharibifu wa barabara hukaribia mara 16, na malori ya makontena yanayotambaa juani huchimba mifereji palipokosa kushindiliwa.

Ombi letu ni kwamba chama kikubaliane na kaunti na mamlaka za barabara viraka vilipiwe kwa vipimo badala ya idadi ya malori. Karatasi moja inatosha: saa lori lilipotoka mtamboni, joto la lami lori lilipofika, joto lake rola ilipomaliza, na kina kilichopimwa kabla ya kujaza. Fundi mwenye kipimajoto na msimamizi wa mhandisi watie sahihi pale pale kando ya barabara, na karatasi hiyo iambatanishwe na hati ya malipo.

Mafundi wa lami,
Mombasa