Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Makamishna wa Kaunti ya Finney, Kansas

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kwenye kiwanda cha nyama wanaokizungumza hatukosekani, na mkalimani utampata bila kwenda mbali.

Mbele ya mahakama ya kaunti imesimama sanamu ya Charles "Buffalo" Jones, mmoja wa waanzilishi wa mji wetu wa Garden City, aliyekamata ndama wa nyati (nyati wa huku, wale wenye nundu na manyoya) miaka ya 1880 ili wasitoweke. Binti yangu aliniuliza huyu ni nani. Nikamsimulia kisa ambacho hata majirani zetu wengi hawakijui: mwaka 1910, akiwa na miaka 66, mzee huyu alikwenda Kenya na farasi wake, akawa ananasa simba na kifaru kwa kamba ya kitanzi. Kwa kamba! Mtoto akacheka sana. Kisha akauliza, "Mizigo alibebewa na nani?" Wapagazi, nikamjibu. "Waliitwa nani?"

Nilinyamaza.

Mheshimiwa, kaunti hii nayo imebebwa na wengi. Wameksiko walijenga reli, wakapalilia biti (mizizi ya kutengenezea sukari) za kiwanda cha sukari kilichoanza 1906. Lile bwawa kubwa la kuogelea lililochimbwa 1922, ambalo kila mgeni alikuwa akipelekwa kulitazama, kwa miaka mingi wao hawakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1980 kampuni ya nyama ya IBP ikafungua machinjio karibu na Holcomb. Wakaja Wavietinamu, baadaye Waburma, Wasomali, na sisi tuliokulia kambini Dadaab. Mwaka 2016 watu watatu walikula njama ya kulipua jengo wanamoishi Wasomali na wanamoswalia. Walikamatwa kabla, wakafungwa miaka 25 hadi 30. Wiki hiyo ya habari nilishuhudia majirani Wazungu wakija na keki mlangoni, hawajui waseme nini. Hilo pia ni historia.

Siombi sanamu. Naomba fungu dogo katika bajeti, la kurekodi sauti za wafanyakazi wazee, kila mmoja kwa lugha yake, kisha zihifadhiwe katika makumbusho pale Finnup Park, na majina yao yaandikwe kama wanavyoyatamka wenyewe. Kinasa sauti si ghali. Muda ndio haba: mikono hii ya kushika kisu huchoka mapema, na asubuhi nyingine vidole vyangu havikunjiki hata kushika kikombe cha chai.

Mkikubali, anzeni na mama mmoja wa Kivietinamu aliyenifundisha kunoa kisu wiki yangu ya kwanza, kwa ishara tu, maana hatukuwa na lugha ya pamoja. Amestaafu. Nyumbani kwake napajua, na nitawapeleka siku yoyote isipokuwa Jumatatu, nina zamu.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Garden City