Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni na Mawasiliano wa Ayalandi: mafaili mawili, meza moja

Mheshimiwa Waziri Patrick O'Donovan,

Kwanza salamu. Mimi ni mama wa Mombasa, naishi Dublin, upande wa kaskazini wa mto Liffey, na nina binti wa miaka saba anayesoma Gaelscoil, zile shule ambazo karibu masomo yote ni kwa Kiayalandi. Nakuandikia kwa Kiswahili manake hii ndo lugha ninayoombea nikiwa na jambo moyoni, na pia Waswahili wenzangu walioko Cork, Galway na Limerick wana watoto kama wangu na nataka waisome. Wewe naamini wizarani hautakosa mtu wa kukutafsiria.

Wiki ya kwanza ya shule binti yangu alirudi na sentensi moja tu, akaiimba jikoni mpaka usiku: An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas. Yaani anaomba ruhusa aende chooni. Jirani yetu, mzee mmoja wa hapahapa, alipomsikia macho yalimlenga machozi, akaniambia hiyo ndo sentensi ambayo mtu hapa haisahau hata kama Kiayalandi chote kilichobaki kimemtoka, na yeye mwenyewe alikuwa hajaitamka tangu utotoni. Basi wakawa wanaongea pale mlangoni, mzee na mtoto, kila mmoja na maneno yake matano sita, na mimi nimesimama na kikapu changu cha nguo nawatazama.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Jikoni tuna kile kispika kidogo cha kuongea nacho, unakiambia kitu kinafanya. Juzi usiku alikiambia kimpigie wimbo wanaoimba shule, akakiambia kwa Kiayalandi, pole pole, vile anavyoongea na mwalimu wake. Kikanyamaza. Akarudia, kikamjibu kwa Kiingereza kwamba hakijaelewa. Mara ya tatu akapaza sauti, akanyoosha maneno vizuri kabisa, wapi. Mwisho akakiambia kwa Kiingereza na kikampigia wimbo mwingine hata si ule. Tangu siku hiyo sijamsikia akijaribu tena kuongea nacho Kiayalandi, na ni mtoto ambaye anaongea Kiayalandi hata na paka.

Mheshimiwa, mimi natoka mahali ambapo najua redio inaweza kuifanyia lugha nini. Marehemu bibi yangu alikuwa akituhadithia habari za Sauti ya Mvita, redio ya Mombasa ya enzi zile, vile watu walikuwa wanakusanyika kusikiliza mashairi na taarabu kwa Kiswahili cha kwao, na mtu akisikia lafudhi ya mtaani kwao inatoka kwenye redio anatembea kifua mbele. Ndo maana niliposoma habari za Raidió na Gaeltachta, redio ya Kiayalandi iliyoanza 1972, na televisheni ya Kiayalandi iliyoanza 1996 ambayo leo ndo TG4, nilielewa haraka sana. Hivyo vitu havikuangushwa na mvua, watu waliandamana na kupigania vikapatikana, na serikali ikaweka pesa miaka nenda miaka rudi hata pale watazamaji walipokuwa wachache. Matunda yake tunayaona sasa. Filamu ya Kiayalandi An Cailín Ciúin ilifika mpaka kwenye orodha ya kuwania Oscar, vijana wa Belfast wanaojiita Kneecap wanarap kwa lugha hiyo na dunia inajua majina yao, na serikali ya London ilipowanyima ruzuku ya paundi 14,250 kwa sababu ya siasa zao walienda mahakamani, na Novemba 2024 London ikakubali kwamba ilikosea kisheria. Tangu Septemba 2023 watoto wana chaneli yao nzima, Cúla4, binti yangu akitoka shule anaiwasha mwenyewe.

Lakini hiyo ni kwenye televisheni. Akichukua simu yangu, baada ya klipu moja ya Kiayalandi inayofuata ni ya Kiingereza cha Marekani, na nyingine, na nyingine, hata kama mimi mwenyewe nimetafuta kwa Kiayalandi, algoridhimu haimpi nafasi. Na simu ndo watoto wanakoishi siku hizi tusidanganyane. Sensa ya 2022 ilisema watu 1,873,997 wanajua kuongea Kiayalandi, lakini wanaokiongea kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Pengo hilo lote nimelisoma kwenye takwimu, lakini pia nimeliona jikoni kwangu likitokea kwa dakika mbili.

Na hapa ndo nafika kwako hasa. Tangu 2025 wizara yako ina utamaduni na mawasiliano pamoja. Najua mambo ya Gaeltacht, yale maeneo wanakoongea Kiayalandi, yako kwa waziri mwenzako Dara Calleary, lakini RTÉ, yaani redio na televisheni ya taifa, TG4, wasanii na intaneti, hayo yote faili zake ziko kwako. Na makampuni yenyewe hayako mbali, Google na Meta wana makao yao makuu ya Ulaya hapo hapo Dublin, kutoka ofisini kwako unaweza kwenda kwa miguu. Mimi nchi yangu ikitaka kuongea na hawa watu inabidi ipande ndege. Wewe unatembea tu.

Nchi hii imewapa hao wakubwa mengi. Mwaka 2024 data senta, yale majengo ya kompyuta zao kubwa, zilikula asilimia 22 ya umeme wote uliopimwa kwenye mita nchini, zaidi ya moja ya tano, fikiria hilo. Basi na wao wakiombwa kwamba mashine zao zisikie Kiayalandi, na kwamba mtoto akitafuta kitu kwa lugha hiyo apewe kwa lugha hiyo, hilo ni ombi kubwa kweli? Sheria ya 2022 ileile iliyozaa Coimisiún na Meán, tume inayosimamia vyombo vya habari, ilifungua mlango wa kutoza makampuni ya kustrimu ili pesa iende kutengeneza vipindi vya hapa, na mpaka leo tozo hiyo haijaanza. Nasikia hofu ni kwamba bei zitapandishiwa watazamaji, na kwamba Marekani itakasirika. Naelewa, siasa ni ngumu. Lakini gharama ya kutofanya kitu nayo inalipwa, sema inalipwa na watoto.

Jingine ni la uaminifu. Oktoba 2025, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, ilizagaa video ya akili bandia iliyotengenezwa ikafanana kabisa na taarifa ya habari ya RTÉ, ikisema mgombea Catherine Connolly amejitoa. Mimi niliambiwa na mwenzangu kazini saa ya chai, amesimama na simu mkononi, na kwa dakika kadhaa niliamini, manake ile meza ya habari na ule mwonekano ndo ninaouona kila jioni. Connolly alishinda, alhamdulillah uongo haukufua dafu. Lakini RTÉ ilishajeruhiwa 2023 na ile kashfa ya malipo ya siri, watu wengi wakakataa kulipa leseni ya televisheni ya euro 160, serikali ikabidi iahidi euro milioni 725 kwa miaka mitatu, na sasa hata sura yake inaibwa. Na usisahau usiku wa ghasia za Dublin, tarehe 23 Novemba 2023. Ujumbe ulipita kwenye simu kwa kasi kuliko zimamoto, mabasi na tramu zikachomwa mjini, mimi nilizima taa nikakaa chini sakafuni na mtoto nikimsimulia hadithi za sungura ili asisikie helikopta. Waliokuwa wakipiga kelele nje walisema wanalinda Uayalandi. Ndani, mtoto aliyelala mapajani mwangu alikuwa ameanza kujifunza kuhesabu kwa Kiayalandi.

Kuna mahali pananipa moyo. Baa ya Cobblestone pale Smithfield, mimi pombe sinywi, naagiza maji ya limau nakaa pembeni. Wanamuziki wanakaa kona yao kuzunguka meza, hakuna jukwaa, fidla, filimbi, zile zumari zao za kubana na kiwiko, na mtu akianza kuimba bila ala baa nzima inanyamaza mpaka unasikia glasi ikiwekwa mezani. Mwaka 2021 wajenzi walitaka kujenga hoteli hapo, watu wakaandamana na ala zao barabarani, na baraza la jiji likakataa ule mpango. Pamesalia. Lakini anayepiga fidla pale naye ana kodi ya nyumba, na kodi za Dublin unazijua.

Ndo maana lile posho la wasanii, euro 325 kwa wiki kwa wasanii kama 2,000 tangu 2022, ni kitu ambacho naomba usikilegeze. Walioomba na kustahili walikuwa zaidi ya 8,000, ikabidi ichezwe bahati nasibu. Tathmini ya wizara yenyewe ilisema kila euro moja iliyotolewa imeirudishia jamii euro 1.39. Umesema mpango utaendelea, na nakushukuru kwa dhati. Ongeza idadi. Na kwenye faili hilo hilo andika kinga ya sauti zao, mwimbaji wa Connemara, huko magharibi wanakoongea Kiayalandi, asije akaamka siku moja akute akili bandia inauza sauti yake na yeye hajaulizwa wala hajalipwa.

Ninachoomba ni hicho, Mheshimiwa. Siku utakapowaita hao makampuni mezani, uende na faili zote mbili mkononi, la mawasiliano na la utamaduni, usiache moja ofisini.

Nasubiri jibu lako. Ukipenda liandike kwa Kiayalandi, binti yangu atanisomea.

Wako,
Mama wa Kimombasa, Dublin