Hiyo barua usiiandike

Mama Nasra mpenzi,

Hamjambo huko? Sisi wazima, Kulwa na Doto wamepona mafua, baba yao yuko safarini. Salamu zaidi tutapeana tukionana, maana tangu nisikie ujumbe wako wa juzi nimekosa usingizi. Nimeona nikuandikie ili uwe nayo mkononi, uisome taratibu, hata mara tatu.

Hiyo barua ya kuomba uhamisho anayotaka Afisa Utumishi uiandike, usiiandike. Kama umeshaanza rasimu, ichane. Umesema alikuambia kwa upole kwamba ukiomba mwenyewe uhamisho unatoka haraka. Haraka ya nini, na nani ana haraka? Wewe hujaomba kwenda Kakonko, huko Kigoma. Tangu tukiwa chuoni Hombolo sijawahi kukusikia ukiitaja. Wao ndio wanaotaka uondoke, na wanajua fika kwamba anayemhamisha mtumishi kwa maslahi ya umma lazima amlipe. Aliyeomba mwenyewe anajibebea mizigo yake.

Tazama wanachotaka kukikwepa. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zipo kwenye kabati lao, waambie wafungue. Kuna posho ya kujikimu ya siku 14, yako na ya Baba Nasra, na watoto nusu ya kiwango. Kuna nauli za familia na gharama za kusafirisha mizigo. Halafu kuna posho ya usumbufu, asilimia 10 ya mshahara wa mwaka, yaani zaidi ya mshahara wako wa mwezi mzima. Jumlisha yote hayo, halafu fikiria unayaacha kwa karatasi moja uliyoisaini mwenyewe!

Unakumbuka yaliyompata Mama Happy. Naye aliambiwa ni utaratibu tu. Akaandika "naomba kuhama kwa sababu za kifamilia", wakati familia yake yote aliiacha nyuma. Alipokuja kudai, mkaguzi wa ndani akafungua jalada, akaikuta ile karatasi ya ombi kwa mwandiko wake, na dai likafia hapo. Mimi nilihamishwa bila hata shilingi ya nauli, nikakopa, na kila msimu wa bajeti nikawa naambiwa madeni bado yanahakikiwa. Ilichukua miaka, na iliniuma sana. Lakini nililipwa, kwa sababu barua yangu ilisema "kwa maslahi ya umma" na hakuna aliyeweza kuyafuta maneno hayo.

Jambo jingine. Mkurugenzi anaweza kukutoa kata moja akakupeleka kata nyingine ndani ya manispaa. Kukupeleka halmashauri ya mkoa mwingine ni kazi ya Katibu Mkuu TAMISEMI. Ndiyo maana nahisi wanakusukuma uombe mwenyewe kwenye ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, ili wao wabaki kupitisha ombi tu. Tafadhali, neno lako la siri asipewe mtu yeyote, hata yule kijana wa TEHAMA anayejifanya anakusaidia. Ombi likishaingia kwa jina lako, utamweleza nani kwamba si wewe?

Na sababu ya yote haya tunaijua. Ni kile kikundi cha vijana ulichokwenda kukitafuta mtaani usikione, ukakataa kukipitisha kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo nchi nzima, na vikundi hewa vilikuwa miongoni mwa sababu. Wewe umefanya kazi uliyoajiriwa kuifanya. Najivunia wewe, nakwambia kwa moyo wangu wote. Katika zile asilimia 10, nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na kuna mama anayekaanga mihogo hapo kwenu ambaye kikundi chake kingekosa.

Ila usije ukagoma. Najua hasira zako! Barua halali ya uhamisho ikitoka, usikae nyumbani kwa kususa, kwa sababu siku tano tu za kutoonekana kazini bila ruhusa zinatosha kukufukuzisha, na wao watafurahi mno. Andika kwamba umeipokea, taja kumbukumbu namba yake, omba stahili zako zilipwe kabla ya kuondoka. Nakala mpe Katibu Tawala wa Mkoa na TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Ipitishe masijala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha uitunze nyumbani, isibaki kwenye droo ya ofisini. Wakiwa na nia ya kukuhamisha watakuhamisha, lakini watakuhamisha kwa gharama zao na kwa saini yao.

Halafu huyo Nasra wetu yuko kidato cha nne. Mtu anamng'oaje mtoto katikati ya mwaka wa mtihani? Hilo nalo liandike.

Sasa nijibu. Umeonyeshwa karatasi yoyote, au ni maneno matupu? Siku alipokuita mlikuwa wawili tu, au yule mkuu wa idara alikuwepo? Mafaili ya kile kikundi yako wapi sasa, na je, ulibaki na nakala ya taarifa yako? Mwenyekiti wa TALGWU tawini bado ni yule yule, na unamwamini? Baba Nasra anasemaje, au hujamwambia bado? Na wewe mwenyewe unakula, unalala?

Amekupa mpaka Jumatatu, kwa hiyo nijibu kabla ya Ijumaa. Hata kama ni kunitumia "sijaandika" tu, nitaelewa.

Wako akupendaye,
Mama Kulwa